KARANI NAYE ANA MGONGO

Katika lugha yetu kiti ni zaidi ya samani. Aongozaye mkutano huitwa mwenyekiti, mfalme hukalia kiti cha enzi, na agombeaye ubunge husemwa anawania kiti. Pengine ndiyo sababu ofisi zetu zimezoea kugawa viti kwa kufuata ngazi ya madaraka. Mkubwa hupewa kile kirefu cha ngozi chenye magurudumu. Karani wa masjala huachiwa kilichobaki, nacho mara nyingi kimelegea mgongo au kimekwama chini hakipandi. Hali hiyo si ya Dodoma peke yake. Iko Vuga, iko na Chake Chake.

Hatuna ugomvi na heshima ya wakubwa. Tunalolisema ni kwamba mgongo haujui cheo. Mkubwa hushinda vikaoni na safarini, na kiti chake kizuri hubaki kikitazamana na ukuta. Aliye chini yake ndiye akaaye mahali pamoja tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, akichapa barua na kuingiza hesabu. Kwa mizani ya haki, kiti bora kingeanzia kwake.

Tuwatazame watumishi waliopanga katika kata ya Ipagala, wakiwamo ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaozitumikia wizara za Muungano. TANU iliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie Dodoma. Uhamiaji wenyewe ulishika kasi mwaka 2016, na Mji wa Serikali pale Mtumba ukafunguliwa Aprili 2019. Majengo yamesimama na barabara zimetengenezwa. Lakini mtumishi arudipo chumbani jioni na kompyuta ya mpakato mkobani, taarifa isiyokwisha huimalizia juu ya kiti cha plastiki na meza ya kulia chakula, shingo imeinama kama ya mtu atafutaye sindano. Kesho yake hulalamika kuwa kiuno kinauma, akaambiwa ni baridi ya Dodoma.

Si baridi. Mapema katika karne ya 18 tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya maradhi ya makarani na akayataja mambo matatu: kukaa bila kuinuka, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kukazwa mno. Tangu hapo kalamu ya unyoya imekuwa taipureta, na taipureta imekuwa kompyuta, lakini mambo hayo matatu hayajabadilika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Si wote walioyapata ofisini, lakini ofisi nayo ina fungu lake.

Kupanga kiti na meza si elimu ya siri. Meza nyingi za ofisini zina kimo cha sentimita 72 hadi 75, na kimo hicho humfaa mtu mrefu kuliko mama mfupi aliye nyuma ya dirisha la malipo. Huyo akishusha kiti ili miguu ifike sakafuni, meza humfika kifuani na mabega yakapanda kutwa nzima. Afanye kinyume chake: akipandishe kiti mpaka viwiko vilingane na uso wa meza, kisha chini ya nyayo aweke kibao, au hata rimu mbili za karatasi. Aketi nyuma kabisa, mgongo ukiegemea. Pale kiunoni penye mwinamo, kama kiti hakina mto, kanga iliyokunjwa yatosha. Kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya magoti pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kioo cha kompyuta kiwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na dirisha liwe ubavuni, kwani jua la nyanda hizi halimhurumii alitazamaye.

Juu ya kompyuta ya mpakato tunalo neno zaidi. Sote tuliopita chuoni tunaikumbuka marufaa. Wazee wetu hawakumwacha mtoto akisome kitabu kilicholala sakafuni, walikiinua. Walifanya hivyo kwa heshima ya Kitabu kwanza, lakini shingo nayo ilipata faida. Kompyuta ya mpakato yataka marufaa yake. Iinuliwe juu ya vitabu au kibao hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha kibodi na kipanya cha pembeni vibaki chini, usawa wa viwiko. Bila kibodi ya pembeni mtu huokoa shingo akaumiza mikono.

Kiti kiwe kizuri vipi, hakimruhusu mtu kukaa saa nne mfululizo. Kila nusu saa hivi ainuke, anyooshe viungo, apeleke jalada kwa miguu yake. Hapa tunawaomba wakuu wa vitengo waache tabia ya kumhesabu aliyesimama kuwa mvivu.

Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2005. Mara nyingi sheria hizi hufikiriwa kuwa ni za viwandani na machimboni. Ofisi nayo ni mahali pa kazi.

Wala hatusemi kila kiti kiagizwe ng'ambo. Kiwanda cha mbali hakiwezi kumpima karani wa Ipagala kama awezavyo seremala wa mtaani kwake. Meza ya mninga iliyozidi kimo hukatwa miguu kwa nusu saa, na kibao cha kuwekea nyayo ni mabaki ya mbao tu. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza kabla ya kuagiza.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na orodha za samani huandaliwa miezi kadhaa kabla. Tunawataka maafisa ugavi, Bara na Visiwani, waongeze mistari miwili katika orodha hizo, kando ya ule wa cheo: kimo cha atakayekikalia kiti, na saa atakazokaa kwa siku. Na kabla ya kusaini mapokezi ya viti mia, wamwite karani mmoja aketi.