Wanaopunguzwa Kazi Kambini Wasiachwe Peke Yao

Mwaka 2025 ulikuwa mgumu kwa wafanyakazi wa mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, na ile ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Miongoni mwa walinzi, madereva, wauguzi, walimu, watunza ghala na makarani wa kambi hizo wako waliokabidhiwa barua za kusitishiwa ajira. Kijana wa miaka 28 aliyepata barua hiyo ana haki ya kusikitika, lakini bado ana muda. Tunayetaka kumzungumzia leo ni mwenzake wa miaka 53, mwenye watoto sekondari na chuoni, aliyekuwa akitegemea kufika miaka 60 akiwa kazini. Huyo amestaafishwa bila kuagwa, bila pensheni, na bila hata kuitwa mstaafu.

Chanzo cha mambo haya kinafahamika. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani, Donald Trump, alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nchi yake kwa mataifa ya nje kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lao la misaada, USAID, likakoma kuendesha shughuli hizo. Mwezi Juni, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi nalo lilitangaza kupunguza nafasi za kazi zipatazo 3,500 duniani kote. Maamuzi hayo yalifanyika Washington na Geneva, maelfu ya kilomita kutoka nyanda za juu za Kigoma, na yaliwakuta watu ambao hawakuulizwa lolote. Hivyo basi, wanaosema vijiweni kwamba fulani "kafukuzwa" hawana budi kujirekebisha. Anayefukuzwa ametenda kosa. Aliyepunguzwa hakutenda kosa lo lote. Fedha za kumlipa zimekwisha huko zilikotoka. Tofauti hiyo ni kubwa mbele ya sheria, na inapasa iwe kubwa vilevile mbele ya majirani.

Kwa zaidi ya miaka 30 kambi zimekuwa mwajiri mkubwa wa wilaya hizi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, na baada ya vita kuzuka Zaire mwaka 1996, makambi yalitapakaa Kibondo na Kasulu: Mtendeli, Nduta, Kanembwa, Karago, Mkugwa, Mtabila, Muyovosi, Nyarugusu. Mashirika yalikuja na magari, redio za upepo na mishahara ambayo halmashauri zetu hazikuweza kuishindania. Katika miaka ile ya 1990 walikuwapo walimu walioacha chaki na wauguzi walioacha zahanati za Serikali wakaingia kambini, na waliobaki waliwaona wenzao kuwa wameula. Hatuwalaumu. Mshahara wa mwalimu wa wakati ule unajulikana, na mtu mwenye familia hutazama kesho asubuhi kabla ya kutazama miaka 30 ijayo. Lakini kilichoachwa nyuma siku ile hakikuwa chaki tu. Kiliachwa pia cheo cha kudumu na utumishi ambao hauishi mkataba kila Desemba.

Wazee wa Buha wanaweza kutuambia kwamba jambo hili lina ndugu yake wa zamani. Serikali ya kikoloni iliifanya nchi hii kuwa ghala la vibarua. Wanaume walichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, na wengi wakarudi nguvu zimekwisha na mikono mitupu. Safari hii Muha hakulazimika kusafiri. Mashamba ya mkonge, kwa namna ya kusema, yalimfuata nyumbani. Hata hivyo aliyeshika funguo za kazi alibaki kuwa wa mbali vilevile.

Ipo hatari moja ambayo haina budi kutajwa bila kificho, nayo ni kungoja. Wafanyakazi wa kambi wamezoea kwamba kambi hufungwa na kufunguliwa. Nduta ilikuwa imefungwa. Machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yakaifanya ifunguliwe tena mwezi Oktoba mwaka huohuo, na waliokuwa wamekwenda shambani wakaitwa tena kazini. Mtendeli nayo ikafunguliwa tena Januari 2016. Ndiyo maana hata sasa wako wanaokaa na simu karibu wakisubiri kuitwa. Lakini tangu Septemba 2017 Warundi wamekuwa wakirejea kwao kwa hiari, Mtendeli ikafungwa tena mwishoni mwa 2021, na fedha za wafadhili zimepungua. Kwa maoni yetu, mtu wa miaka 53 asiiweke akiba ya maisha yake juu ya matumaini ya vita nyingine katika nchi jirani. Wala si jambo la kuombea.

Tuje kwenye haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haimwachi mwajiri apunguze watu apendavyo. Anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio lake, kueleza sababu, na kushauriana na wafanyakazi au chama chao kuhusu njia za kuepuka upunguzaji na vigezo vya kuchagua watakaoondoka. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Aliyeajiriwa mbali na Kibondo au Kasulu anastahili kusafirishwa, yeye na familia yake na mizigo yake, hadi alikoajiriwa, na kulipwa posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri. Anayeona hakutendewa haki ana siku 30 tu za kupeleka madai ya kuachishwa isivyo halali mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 huisha haraka kwa mtu ambaye bado hajaamini yaliyompata, hasa ikiwa anatoka Kibondo na ofisi iko Kigoma mjini, zaidi ya kilomita 200.

Kuna kiinua mgongo cha kuachishwa kazi. Sheria inasema mshahara wa siku saba kwa kila mwaka mmoja uliokamilika wa utumishi mfululizo, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Maana yake ni kwamba aliyetumikia miaka 10 na aliyetumikia miaka 22 wote hupata siku 70. Hatudhani kwamba waliotunga sheria walikusudia kumpunja mfanyakazi wa siku nyingi, ila matokeo yake ndiyo hayo, na tunaona wakati umefika wa Wabunge kukitazama upya kikomo hicho. Tena, yule ambaye mkataba wake wa mwaka mmoja umefika mwisho na haukuhuishwa kwa kawaida hapati hata hizo siku 70. Mtu anaweza kusaini mikataba ya mwaka mmoja mara 12 na bado, kwenye karatasi, akaonekana mgeni.

Kuhusu mafao ya hifadhi ya jamii, wengi wamechanganyikiwa tangu mabadiliko ya mwaka 2018 yalipoondoa fao la kujitoa na kuleta fao la kukosa ajira. Mwanachama mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi sita. Pensheni yenyewe hungoja miaka 55 kwa anayestaafu kwa hiari, au 60 kwa lazima, na huhitaji michango ya miezi 180. Hapo ndipo penye jambo ambalo kila aliyepunguzwa anapaswa kulikokotoa kwa kalamu. Aliyechangia bila kukatiza kwa miaka 13 ana michango 156. Amepungukiwa michango 24 tu. Akikata tamaa hapo, atakapofika umri wake atapewa mkupuo mmoja badala ya pensheni ya kila mwezi hadi mwisho wa maisha yake. Mfuko wa NSSF unampokea mchangiaji wa hiari, hata mkulima na mfanyabiashara mdogo. Kwa mtu wa namna hiyo, kulipia michango hiyo 24 kuna faida kuliko pikipiki yo yote atakayoshauriwa kuinunua.

Tunaitaja pikipiki kwa makusudi. Serikali ilipopunguza makumi ya maelfu ya watumishi katika miaka ya 1990, kwa masharti ya mageuzi ya uchumi, tuliona jinsi fedha za mkupuo zilivyoyeyuka katika mabasi madogo, baa na maduka ambayo wenyewe hawakuwa na ujuzi wa kuyaendesha. Huku Kibondo na Kasulu kuna mtego mwingine. Wengi wa waliokuwa na busara walijenga nyumba za kupangisha, na walistahili sifa kwa hilo. Lakini mpangaji wao mkubwa alikuwa mfanyakazi wa shirika, na mpangaji huyo naye amepewa barua. Vivyo hivyo mama lishe, fundi cherehani na mwenye duka waliotegemea mishahara ileile. Kujenga nyumba nyingine ya kupangisha kwa fedha za kuachishwa kazi ni kuongeza mzigo juu ya paa linaloelemewa.

Ardhi ya nyanda hizi haijamkataa mtu. Maharage, mahindi na mihogo vinalika na vinauzika, kahawa ya Kasulu na Buhigwe ina wanunuzi, na asali ya misitu ya Kibondo inajulikana mbali. Ila tusimdanganye mtu kwamba kilimo ni jibu la wiki ijayo. Mche wa kahawa unataka miaka mitatu au minne kabla ya kuvunwa sawasawa, na anayeanza kulima na mvua za Oktoba hana cha kuuza hadi mwaka unaofuata. Kati ya barua na mavuno kuna miezi ya njaa ya fedha, na ada za watoto hazingoji mavuno. Hapo ndipo mtaji mdogo ungemsaidia.

Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, na Chama kina kila sababu ya kujivunia. Mama aliyepunguzwa kazi anaweza kujiunga na kikundi akakopa. Lakini mwanamume wa miaka 54, mwenye afya na ujuzi wa miaka 20 wa kusimamia ghala au kutengeneza pampu za maji, si mwanamke, si kijana, wala hana ulemavu. Amepita katikati ya nyavu zote tatu. Hatupendekezi vijana wapunguziwe; tunapendekeza halmashauri na vyama vya ushirika vya akiba na mikopo vimtafutie mtu huyu mlango wake.

Hapo tunawageukia wasomaji wetu walio maofisini na mashuleni. Ndugu mtumishi wa umma, huyu anayeingia ofisini kwako na bahasha ya vyeti huenda alikuwa mwenzako wa chuo. Usimzungushe. Mwalimu Mkuu ambaye madarasa yake yamefurika ajue kwamba mitaani mwake wako watu waliofundisha watoto wa wakimbizi kwa miaka mingi katika mazingira magumu, na wanaoweza kusaidia madarasa ya elimu ya watu wazima au kisomo cha jioni. Wako wauguzi waliokabiliana na kipindupindu na surua kambini wakati wengine tunavisoma magazetini. Anayejitolea alipwe posho ya halali, hata kama ni ndogo. Ujuzi wa mtu mzima usigeuzwe kuwa kitu cha kuchotwa bure kwa sababu mwenyewe yuko katika shida.

Nyumbani nako kuna kazi. Mwanamume aliyezoea kupanda gari la shirika saa moja asubuhi huona haya kuonekana mtaani saa nne. Wengine huendelea kuaga asubuhi na kurudi jioni bila kumwambia mkewe. Viongozi wa Chama wa mashina, wanaojua kila nyumba, wawafikie watu hawa kwa staha, na wawape nafasi katika kamati za shule, za maji na za zahanati, kwa maana wanajua kuweka hesabu na kuandika taarifa.

Na kwa kuwa siku 30 za madai hazimngoji mtu asiye na nauli, tunaiomba Ofisi ya Mkoa wa Kigoma iwaelekeze Afisa Kazi, maofisa wa NSSF na wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wafike pamoja Kibondo na Kasulu kila mara upunguzaji unapotangazwa, wakae katika ukumbi wa halmashauri kwa siku zilizotangazwa mapema, na wasiondoke kabla ya kila mwenye barua kusikilizwa.