Mkanda Unaobana na Mpira Unaovutika: Tumtilie Nini Bi Harusi Begini?



Msimu wa harusi umerudi. Tangu Mfungo Mosi uandame, kadi zinaingia kwenye simu kila siku, mafundi wa nguo hawalali, na kila nyumba yenye bi harusi inanukia udi na singo. Katika furaha hii tuna jambo linalotukera, na tunaona ni haki tuanze kwa kujilaumu wenyewe.

Kwa muda mrefu, kwenye orodha yetu ya vitu vya bi harusi, baina ya doti za kanga na manukato, tulikuwa tumeandika "mkanda wa kupunguza tumbo". Hakuna aliyetulazimisha. Tuliona kila mtu anaununua, nasi tukauandika. Msimu uliopita tukawa kwa bi harusi mmoja siku ya kujaribu gauni. Alikuwa amevaa mkanda huo tangu asubuhi, akisema anauzoea. Ikaadhiniwa Magharibi, tukatandika misala. Alirukuu kwa tabu, na alipokwenda kusujudu akashindwa. Pumzi zilimbana, akakaa kitako akihema. Mama yake alimfungua, na mbavuni mlikuwa na mistari myekundu kama alama za kamba. Tulipomuuliza kwa nini anajitesa hivi, alijibu kwa sauti ndogo: "Niliuona kwenye orodha yenu."

Jibu lile hatujalisahau. Kitu kinachomzuia binti kumsujudia Mola wake hakiwezi kuwa pambo. Basi leo tunatoa msimamo wetu: mkanda unaobana utoke begini, na mahali pake uwekwe mpira wa mazoezi.

Kwanza tuelewane juu ya mkanda wenyewe. Mafuta ya mwili hayayeyuki kwa kubanwa. Mkanda unasukuma nyama ndani, na ukivuliwa zinarudi zilipokuwa. Unapunguza pumzi na unaweza kuleta kiungulia. Misuli ya tumbo nayo haifanyi kazi yoyote, kwa sababu imeegemea mkanda. Zile nguo za plastiki za kutoa jasho nazo ni hadithi hiyohiyo. Mizani itashuka, lakini kilichopungua ni maji, na ukinywa bilauri mbili tatu yanarudi. Na katika joto letu hili, kumfunga mtu plastiki ni kumtafutia kizunguzungu.

Mpira wa mazoezi ni kitu kingine kabisa. Pengine mmeuona madukani bila ya kuutilia maanani. Upo wa namna mbili. Wa kwanza ni utepe mrefu unaoshikwa ncha zote mbili. Wa pili ni kitanzi kifupi kinachovaliwa mapajani, juu kidogo ya magoti, au kwenye vifundo vya miguu. Kazi yake ni kukupinga. Kadiri unavyouvuta ndivyo unavyozidi kuwa mgumu, na misuli inalazimika kufanya kazi ili iushinde. Hivyo ndivyo misuli inavyopata nguvu. Mkanda unakufanyia kazi kwa saa chache, ilhali mpira unakutaka uifanye mwenyewe, na nguvu unayoipata inabaki nawe baada ya kuuvua.

Tena tazameni jinsi unavyotufaa sisi. Dada wengi wanatuambia wangependa mazoezi, lakini jimu iliyo karibu ina wanaume, au saa za wanawake ni chache, au nauli inawashinda. Mpira ukiukunja unaenea mkononi, na unaingia kwenye mkoba pamoja na msahafu mdogo. Unafanya mazoezi chumbani kwako na dera lako, mlango umefungwa, hakuna anayekutazama. Ukisafiri kwenda kwa wakwe Pemba, unakwenda nao. Ukiolewa ukahamia chumba kimoja, una nafasi yake.

Kuna na vizito vya kuvaa, vile vimifuko vya mchanga au chuma vinavyofungwa miguuni au mikononi. Hivyo pia vinafaa kwa mazoezi ya taratibu, kama kuinua mguu ukiwa umelala ubavu, na nusu kilo inatosha kuanzia. Tusivitumie kwa kutembea haraka wala kukimbia, maana vinayavuta magoti na nyonga. Kwa anayeanza, mpira ni bora zaidi.

Tunajua swali litakalokuja: haya yana nini na dini? Yana mengi. Katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba muumini mwenye nguvu ni bora na anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, na wote wawili wana kheri. Wanazuoni wameieleza nguvu hii kwanza kuwa ni nguvu ya imani na azma. Sawa, hatubishi. Lakini azma hiyo inasimama Tahajjud kwa miguu, inabeba mtoto kwa mikono, na inakwenda Hija ikizunguka Al-Kaaba na kusai baina ya Safa na Marwa kwa magoti haya haya. Na tumefundishwa pia kwamba mwili una haki juu yetu.

Tena tunaye mama yetu, Bibi Aisha (r.a.). Imepokewa na Abu Daud kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye, alipokwisha kunenepa, wakashindana tena, na mara hii Mtume akashinda na kumwambia kwa mzaha kwamba sasa wametoshana. Katika mapokezi mengine, aliwaambia watu watangulie mbele kwanza, ndipo wakakimbia. Dada zetu, tuizingatie hadithi hii. Mwili wa mke ulikuwa umebadilika, na mumewe hakumfedhehesha wala hakumnunia. Alimwita wacheze. Na stara ilihifadhiwa. Tukitaka mfano wa mazoezi na ndoa kwa pamoja, huu unatutosha.

Liko jambo jengine, la mila zetu. Posa ikijibiwa, pamoja na mahari hutajwa kilemba cha baba na mkaja wa mama. Mabinti wengi wa leo wanadhani mkaja ni bahasha tu ya pesa. Mkaja ni kile kitambaa anachojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Wazee waliposema mama apewe mkaja, walikuwa wanaliheshimu tumbo lililombeba bi harusi. Basi tujiulize: mila yetu inaleta mshipi mmoja kwenye harusi, wa kulitukuza tumbo la mama, nasi tumeongeza wa pili wa kulionea haya tumbo la binti. Tumeutoa wapi?

Na tusiseme kwamba zamani hakukuwa na kasoro. Wazee wengi wanatuhadithia walivyotiwa ndani kabla ya harusi wakalishwa mpaka wakanawiri, kwa sababu wembamba ulikuwa aibu. Leo binti anashindishwa njaa kwa sababu unene ndio aibu. Kote kuwili mwili unatayarishwa kwa macho ya watu wa ukumbini, na ukumbi ni saa nne tu. Ndoa ni miaka, inshaallah. Ndani ya miaka hiyo kuna mimba, kuna uzazi, kuna kubeba mtoto ubavuni huku unapika, kuna kuuguza wazee. Kwa hayo yote, kiuno kilichobanwa hakimsaidii mtu. Mgongo wenye nguvu unamsaidia.

Wako watakaosema mazoezi haya ni mambo ya kizungu. Bibi zetu walitwanga kinuni, walikuna nazi juu ya mbuzi, walichota maji kisimani na kuyabeba kichwani. Mpaka leo, nenda Paje au Jambiani maji yakitoka uwaone mama zetu wanaolima mwani, kazi iliyoanza huko mwaka 1989. Wanavuta kamba na kubeba mafurushi yaliyorowa maji. Hao hawahitaji mpira wetu, wanahitaji mapumziko. Sisi wa mjini ndio tunaosaga nazi kwa blenda, tunaopanda bodaboda kwenda dukani, na tunaokaa ofisini tangu asubuhi hadi alasiri. Kazi imetutoka mikononi, na misuli haikai bure ikabaki na nguvu. Na Zanzibar hii hii kila tarehe 1 Januari tunaadhimisha siku ya mazoezi ya viungo. Kwa hiyo si jambo geni kwetu, ila wengi tunaona ni la wengine.

Wako pia watakaoogopa kuwa na misuli kama wanaume. Ondoeni hofu. Misuli mikubwa ya wanaume inategemea sana homoni ambayo sisi tunayo kidogo tu. Mwanamke akivuta mpira anapata mwili uliokaza na mkao ulionyooka.

Sasa tuseme jinsi ya kuanza. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, kama kutembea kwa haraka. Siku 2 si nyingi. Sisi tumechagua Jumapili na Jumatano, ili tuliozoea kufunga Jumatatu na Alhamisi tusijichoshe.

Vaa kitanzi juu kidogo ya magoti, uchuchumae kama unayekaa kwenye kiti, huku unasukuma magoti nje. Kisha lala chali, kunja magoti, na uinue nyonga, kitanzi kikiwa palepale. Halafu kaa kitako na miguu mbele, pitisha utepe kwenye nyayo, na uvute viwiko nyuma kama mvuvi anayevuta kamba. Mwisho pitisha utepe mgongoni, chini ya makwapa, na usukume mikono mbele. Kila moja mara 10 hadi 12, pumzika, kisha rudia. Toa pumzi unapovuta, usiizuie. Mara mbili tatu za mwisho zikiwa ngumu lakini bado unazifanya sawasawa, mpira huo ndio saizi yako. Zikiwa nyepesi, chukua mzito zaidi. Rangi huonesha uzito, lakini kila kiwanda kina mpangilio wake, basi jaribu kwa mkono kabla ya kununua.

Na tahadhari kidogo. Mipira mingi ni ya ulimbo wa mti wa mpira, na wapo ambao ngozi zao haziupatani. Ukiona unawashwa, tafuta ya kitambaa. Usiiache juani wala usiishike na mikono yenye mafuta ya nazi, na ukiona mpasuko hata mdogo, itupe, maana ikikatika inakurukia usoni. Mwenye mimba, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa operesheni, au mwenye presha au maradhi ya moyo, amuulize kwanza daktari au mkunga wake.

Hatutaki kukudanganyeni kwa kitu kimoja. Bi harusi aliyebakiwa na wiki 3 hatabadilika umbo kwa mpira huu. Gauni likimbana, fundi alitanue. Nguo hufuata mwili. Lakini wiki hizo 3 zinatosha kuanza mazoea atakayoingia nayo nyumbani kwake.

Kwa hiyo tumeibadilisha orodha yetu. Mkanda tumeufuta, na tumeandika kitanzi kimoja na utepe mmoja. Tunawaomba akina mama msimnunulie binti mkanda hata akiulilia. Tunawaomba masomo, nyinyi mnaokaa na bi harusi na kumfundisha mambo ya ndani ya nyumba, mmfundishe na hili, kwamba afya yake ni amana na si ya siku moja. Wenye maduka, tunajua mkanda unauzika. Uzeni na mpira, mtatuona.

Na kwako, binti yetu uliyeshindwa kusujudu jioni ile kwa sababu ya orodha yetu: tunakuomba radhi. Umekwisha kuwa mke wa mtu, na tunamuomba Allah aijaalie ndoa yako mapenzi na rehema. Mpira wako tumekuwekea. Pita uuchukue.

Wallahu a'lam. Tukumbukane katika dua.