Usizifungie picha za mwanao chini ya kitanda

Msomaji mpenzi, tuchukulie uko Kachibora mwezi wa Novemba. Mahindi umeyavuna, na magunia unayahesabu kwa ajili ya karo. Mara kijana wako aliye chuoni anakuja na neno: amealikwa kuonyesha picha zake mbili pamoja na wachoraji wenzake katika ukumbi wa maonyesho wa chuo. Anaomba nauli na pesa za fremu. Utamjibuje?

Najua jibu la wazazi wengi: "Nilikupeleka ukasome, si kuchora!" Kijana hunyamaza, picha zikasukumwa chini ya kitanda, na jambo likaishia hapo.

Kabla hujatamka hayo, nisikilize. Mwaka 1937 Mwingereza Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, huko Kampala. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, mtoto wa magharibi ya Kenya kama ninyi wa Bungoma. Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962 ni kazi ya mikono yake, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Tena yuko marehemu Rosemary Karuga, mzaliwa wa Meru, aliyesomea sanaa Makerere tangu 1950 hadi 1952. Alirudi nyumbani akafundisha shule miaka mingi. Alipoirudia sanaa akiwa mtu mzima, rangi zilikuwa ghali. Akachukua pakiti za unga na karatasi za sabuni, akazikata vipande na kuvibandika hadi vikawa picha. Mwaka 1990 kazi zake zilitundikwa Studio Museum in Harlem, mjini New York, pamoja na za wasanii wengine wa Afrika. Pakiti za unga, msomaji! Zile tunazotia mahindi yetu yakishasagwa, kisha tukawashia moto jikoni.

Sasa utauliza, maonyesho ya pamoja yana faida gani? Usihesabu mauzo tu, kwani huenda asiuze hata moja. Lakini mchoraji akijifungia chumbani peke yake, ama hujiona bingwa, ama hujiona si kitu. Picha yake ikitundikwa kati ya za wenzake, ndipo huona palipo na nguvu na palipopungua. Wageni wasiomjua humuuliza maswali, na walimu humkosoa. Ni kama mkulima apelekaye mahindi kwenye Maonyesho ya Kilimo ya Kitale: hata akikosa kikombe, hurudi akijua jirani alipanda mbegu gani.

Sisemi uuze ng'ombe. Fremu mwambie akaongee na seremala wa sokoni, nawe umsaidie nauli. Na ukiweza, panda matatu siku moja ukajionee. Simama mbele ya picha yake umuulize, "Hapa ulitaka kusema nini?" Bei usiiulize kwanza.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Lakini watu wa kwao wasipofika uwanjani, msomaji wangu, nani atamtuza?

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.