Kompyuta ikiiga maumbile, nani anashika mizani?

Mei 2025, Google DeepMind ilizindua AlphaEvolve, mfumo wa akili unde unaoandika programu kwa mtindo wa viumbe: unazalisha matoleo mengi, unayapima, dhaifu yanatupwa, bora yanazaa mengine.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwaka 2006 NASA ilirusha setilaiti za ST5 zikiwa na antena iliyobuniwa hivyo. Ukiiona utadhani ni waya uliopindwa na mtoto, ila ilifanya kazi angani.

Sasa wewe unayesomea kompyuta, kazi ndiyo hiyo imeisha? Bado. Mifumo hii haijui kizuri ni kipi. Hufuata kipimo ilichopewa na binadamu. Kipimo kikiwa kibovu, jibu bovu ndilo litakaloshinda. Kwa hivyo usikazanie kuandika programu tu. Jifunze kuuliza: tunapima nini, na kwa faida ya nani?