Kazi za mikono: kitabu cha sindano

Watoto wetu wanakijua kitendawili hiki tangu wangali wadogo: huwavika watu wote, naye mwenyewe yu uchi. Wakisha kujibu «Sindano!», sisi huwauliza swali la pili, ambalo halimo katika kitendawili: na sasa hivi, sindano ya nyumbani kwenu iko wapi? Hapo sauti hupungua. Mmoja husema imechomekwa katika pazia. Mwingine, katika ufa wa ubao juu ya mlango. Mwingine, mama ameichoma kifuani mwa nguo yake, na kifua hicho ndicho anacholalia mtoto mchanga. Wako pia wasemao kwa unyofu kwamba juzi ilikuwako.

Wazazi wapendwa, jambo hili ni dogo kwa macho tu. Sindano iliyopotea haikuondoka nyumbani: imo mkekani, au katika godoro, nayo yangoja mguu wa mtu. Ikikatikia mwilini, msijaribu kuichimbua kwa wembe. Mpelekeni mgonjwa kwenye kituo cha afya, maana kipande cha chuma kikisukumwa chaweza kuzama zaidi, na pepopunda haihitaji kidonda kikubwa ili iingie. Na ikianguka sakafuni, msiitafute kwa kupapasa. Tumieni sumaku ya kipaza sauti cha redio iliyokufa, mkiipitisha polepole juu ya mkeka.

Liko na dhara jingine, lisilotoka damu. Sindano ikikosekana, ni nani hushtakiwa kwanza? Mara nyingi ni mtoto mdogo, au yule mtoto wa ndugu aliyeletwa kulelewa, asiye na mama wa kumtetea katika nyumba ile. Hakuna aliyemwona akiichukua, wala hakuna ajuaye ilipotea siku gani. Hata hivyo hupigwa. Basi leo twataka watoto, wa kike na wa kiume, waishonee sindano nguo yake: kitabu kidogo cha kitambaa ambacho kwacho kila mtu nyumbani ataona, jioni ile ile, kama sindano zimetimia.

Tumesema wa kiume pia, na twajua kwamba baba wengine watakunja uso. Na wasikilize. Mtakatifu Benedikto, alipoandika Kanuni yake katika karne ya 6, alitaja katika sura ya 55 vitu ambavyo abate ampe kila mmonaki, ili asiwe na udhuru wa kudai zaidi: mavazi na viatu, mshipi, kisu, kalamu, leso, vibao vya kuandikia, na pamoja na hivyo, sindano. Wamonaki hao walikuwa wanaume, wala hatusomi popote kwamba walingoja dada zao waje kuwashonea. Tena twende sokoni tu: walioketi barazani nyuma ya vyerehani, wengi wao ni nani?

Kitambaa kifaacho kuliko vyote ni fetri, ndiyo ile sufu nzito iliyoshindiliwa ambayo kofia za wazee hufanyizwa nayo. Nguo ya kawaida imefumwa kwa nyuzi zipitanazo. Ukiikata, ukingo wake hufumuka mpaka uupinde na kuushona. Fetri haikufumwa. Nywele za kondoo zina magamba madogo mno yasiyoonekana kwa jicho tupu. Zikipata maji ya moto na sabuni, kisha zikasuguliwa, magamba yale hunasana hata zisiweze kuachana tena. Kwa hiyo mtoto wa miaka saba akiikata kwa mkasi, kazi ya ukingo imekwisha. Hana pindo la kushona, wala hana la kumkatisha tamaa. Na sindano ikichomwa humo hushikwa imara, haitelezi.

Mtauliza: tutaipata wapi? Mama aliyewahi kufua sweta ya sufu kwa maji ya moto, akaianua imekuwa ndogo, nene na ngumu, amekwisha kufanya fetri bila kujua, na pengine aliililia siku ile. Katika nchi ya baridi, kama vile Bukavu na Butembo, au Lubumbashi katika mwezi wa Juni na Julai, sweta kama hizo huonekana katika marundo ya nguo kuukuu zitokazo ng'ambo. Mikono yake miwili yatosha vitabu kadhaa. Kofia ya babu iliyoliwa na nondo nayo ni njema, lakini mwombeni kwanza. Ila si kila sweta ni ya sufu! Mtu mzima na aunguze uzi mmoja: sufu hunuka kama unywele ulioungua na kuacha majivu yavunjikayo, uzi wa kubuniwa kiwandani huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Huo wa pili hata mkiuchemsha mchana kutwa hautashindiliwa.

Tufanye kazi sasa. Kateni kipande cha sentimeta 20 kwa 10, kiwe jalada; na vipande viwili vya sentimeta 18 kwa 8, viwe kurasa. Pangeni kurasa juu ya jalada, katikati kabisa, mkunje vyote pamoja kama daftari, kisha mfungue tena. Juu ya mstari wa mkunjo mzazi atoboe matundu matano kwa msharasi: la kwanza sentimeta 2 kutoka ukingo wa juu wa jalada, na mengine yafuatane kwa sentimeta moja na nusu. Mtoto apewe sindano nene yenye tundu pana, na uzi usiozidi urefu wa mkono wake wote. Mtoto hupenda uzi mrefu akidhani atamaliza upesi, naye huishia kufungua mafundo.

Aanze kwa ndani, akiacha mkia wa uzi wa kufungia. Atokee nje kwa tundu la kwanza, aingie kwa la pili, atoke kwa la tatu, aingie kwa la nne, atoke kwa la tano. Kisha arudi: aingie kwa la nne, atoke kwa la tatu, aingie kwa la pili. Hapo mishono ya kurudi itakuwa imejaza nafasi zote zilizoachwa, na nje utaonekana mstari mmoja usiokatika. Uzi wote sasa uko ndani. Afunge ncha zake mbili, basi. Huwa twapenda kuwatazama watoto wanapofika kwenye tundu la tano. Hudhani wamekosea, kwa kuwa mstari una mapengo. Msiwaambie neno. Waacheni warudi wajionee wenyewe jinsi mapengo yanavyofungwa. Kifungo upande mmoja wa jalada na kitanzi cha uzi upande wa pili vyatosha kufungia.

Sasa lile lililo kubwa. Hesabuni sindano zote za nyumba. Kama ni tano, mtoto ashone alama tano fupi za uzi mwekundu katika ukurasa wa kwanza, na kila sindano ichomwe juu ya alama yake, nyembamba mwanzoni, nene mwishoni. Pini nazo zipewe ukurasa wao. Mnunuapo mpya kumbukeni kwamba namba ya sindano huenda kinyume: namba ikizidi, sindano hupungua unene. Tena zinunueni mchana, maana katika mitaa yetu wako wachuuzi wasiokubali kuuza sindano jua likisha kutua. Sisi hatuishiki mila hiyo, lakini duka ni lao.

Kila jioni, kabla ya taa kuzimwa, mtoto mmoja afungue kitabu mbele ya wengine na kuhesabu alama. Alama iliyo tupu itafutwe usiku ule ule, na watu wote, baba akiwamo. Zamu na ipite kwa watoto wote, hata yule wa ndugu. Kitabu kiwekwe mahali pakavu, mbali na moshi na mtungi, maana hata ndani ya sufu sindano yenye unyevu itashika kutu. Na sindano iliyoshika kutu isirudishwe humo, hutoboa vibaya na kuchafua nguo.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutakitia kitabu hiki kazini. Kila mtoto alete shati lisilo na kifungo, pamoja na kifungo chenyewe, ikiwa kingali kikionekana.