Siku 28 Ni za Nani?
Muuguzi wa hospitali hapa Somanda akijaza fomu ya likizo, sheria iko upande wake: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa siku 28 zenye malipo kila mwaka. Kenya wanapewa 21, lakini tusikimbilie kutamba. Hizo 21 ni siku za kazi. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki anapumzika wiki nne na siku moja. Zetu zinahesabiwa mfululizo, Jumapili ndani, sikukuu ndani. Ukichukua likizo Agosti, hata Nane Nane ya pale Nyakabindi inaliwa humo humo. Marekani, pamoja na utajiri wote ule, sheria ya taifa haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa hata siku moja. Sasa nenda viwanda vya kuchambua pamba msimu ukifika. Kijana anasukuma marobota tangu alfajiri, nywele zimejaa nyuzi nyeupe, akiugua leo halipwi leo; mtajie likizo, atacheka. Kumbe sheria ile ile, kifungu cha 29, inampa mfanyakazi wa msimu haki ya likizo yenye malipo. Dereva wa bodaboda simtaji, yeye ana hesabu ya jioni tu ya kumpelekea mwenye pikipiki. Kibarua wa pamba ana mwajiri, tena ana kifungu. Maafisa kazi, msimu ujao piteni viwandani mkaulize daftari la likizo liko wapi.