Neno la Mhariri: Lango Lililokaliwa na Mwenyeji

Zamani, mgeni aliyefika katika boma la Wakamba, iwe Kitui au Makueni, hakwenda moja kwa moja mlangoni. Alikomea kwanza thome: uwanja ulio nje ya lango, penye moto, ambapo wanaume wa boma walibarizi jioni. Hapo alisalimiwa na kuulizwa habari za atokako, kisha akakaribishwa ndani. Gerhard Lindblom, mtafiti Mswidi aliyefika Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliueleza uwanja huo katika kitabu chake kuhusu Wakamba kilichotoka mwaka 1920.

Tumelitenga toleo hili kwa ajili ya malango, na hoja yetu ni hii: thome ni usanifu wa majengo, ingawa haina ukuta wala paa.

Matajiri wa Uingereza wa karne ya 18 na 19 walimjengea bawabu kijumba kwenye lango la shamba, na vingi vya vijumba hivyo leo vinalindwa kisheria. Bawabu alikaa langoni, mwenye mali akakaa mbali. Thome iliupindua mpango huo: mwenye boma mwenyewe ndiye aliyekaa langoni. Hapo alilinda mifugo yake, akasikiliza mashauri ya majirani, na vijana wakajifunza maneno ya wazee kwa kukaa kimya na kusikiliza. Watu wa Lamu walifika mahali hapohapo kwa njia ya mawe: daka, yaani ukumbi wa mlangoni, na baraza zake za kukalia mbele ya nyumba. Ndiyo maana neno baraza leo limebeba mkutano wa chifu na hata Baraza la Mawaziri.

Thome haiachi gofu. Inaacha jivu, mawe ya kukalia, pengine mti wa kivuli. Kwa hiyo Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 haitaifaa kitu ikiwa hakuna aliyeionyesha ilipokuwa.

Tunaziomba serikali za kaunti zetu mbili, Kitui na Makueni, ziwatume vijana wenye futi na daftari wakapime na kuchora thome zilizobaki, wakiongozwa na wazee waliozikalia. Nawe msomaji unayejenga Wote, Mwingi au Kitui mjini, ukishasimamisha geti lako la chuma, weka benchi nje yake na upande mti. Mgeni apate pa kukaa, nawe upate pa kumpokea.